Mgeni amesoma habari mbaya: namna ya kuipima kabla hujamjibu

Mwaka 2014 nilikuwa nashika daftari la oda katika ofisi ndogo ya utalii hapa Moshi, ghorofani, dirisha likitazama stendi. Ilikuwa Agosti, msimu umepamba moto, ndipo baruapepe za wasiwasi zilipoanza kuingia. Moja ilitoka kwa mwalimu wa Madrid. Yeye na mkewe walikuwa wameshalipia nusu ya safari ya siku saba ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Alikuwa amesoma habari za Ebola, na swali lake lilikuwa moja tu: huko kwenu ni salama?

Nilimjibu ndani ya dakika tano, tena nikajisifu kwa wepesi wangu. "Tanzania ni salama kabisa, Ebola haipo huku, karibuni sana." Siku mbili baadaye akaahirisha bila kutaja tarehe. Aliyewahi kufanya kazi hii anajua kuahirisha kwa namna hiyo ndiko kughairi.

Nilichomwambia kilikuwa kweli. Ebola ya mwaka ule ilikuwa hasa Guinea, Liberia na Sierra Leone, na Tanzania haikuwa na mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa. Lakini sikumpa cha kushika. Ningefungua ramani ningemwonyesha kwamba Monrovia iko karibu na Madrid kuliko ilivyo karibu na Moshi, tena kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Oktoba 6 mwaka ule ule muuguzi msaidizi wa hospitali moja ya Madrid akathibitishwa kuambukizwa Ebola akimhudumia mgonjwa aliyesafirishwa kutoka Afrika Magharibi. Mwalimu wangu alikuwa amekaa nyumbani kukwepa ugonjwa, na ugonjwa ukapiga hodi mjini kwake.

Tangu hapo nimejijengea utaratibu. Nauandika hapa kwa ajili ya wenzangu wa Moshi na Arusha: wenye ofisi, wenye hosteli, na madereva wanaojibu wageni kwa WhatsApp wakiwa wameegesha gari Karatu. Mzazi mwenye mtoto anayefanya kazi ng'ambo naye utamfaa, nitaeleza kwa nini.

Hatua ya kwanza: mwombe akutumie alichosoma, ukisome chote

Usibishane na hofu ya mtu kabla hujaiona imetoka wapi. Mwombe kiungo au picha ya gazeti. Kisha ruka kichwa cha habari, shuka chini. Vichwa aghalabu huwekwa na mhariri aliyeko makao makuu, si na mwandishi mwenyewe, na mhariri huyo anamwandikia msomaji ambaye hajawahi kusikia Biharamulo. Hivyo Biharamulo kwenye kichwa inakuwa Tanzania, na kwenye kichwa kifupi zaidi inakuwa Afrika Mashariki. Kata na wilaya utazikuta aya ya nne au ya tano.

Unaposoma, andika mambo manne kwenye karatasi: tukio lilitokea wapi hasa, lilitokea lini (tarehe ya tukio, siyo ya kuchapishwa), nani anasema, na mwandishi alikuwa wapi. Hili la nne wengi hawalioni kabisa. Habari za mashirika kama Reuters, AFP na AP kwa kawaida huanza na jina la mji, mara nyingi kwa herufi kubwa. Ukikuta NAIROBI kwenye habari ya Arusha, jua mwandishi yuko ng'ambo ya Namanga na ameshika simu. Simu si dhambi, habari nyingi za kweli zimepatikana kwa simu. Ila tazama amempigia nani. Kama aya zote ni za "chanzo cha kidiplomasia" na hakuna hata mtu mmoja wa eneo lenyewe, weka alama ya kuuliza pembeni.

Jambo la tatu, nani anasema, lilitufundisha adabu Januari 2025. Katikati ya mwezi Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa taarifa ya ugonjwa unaoshukiwa kuwa Marburg, unaoletwa na virusi vya jamii moja na vya Ebola, mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa amethibitishwa, Biharamulo. Sasa fikiria wewe uliyemwandikia mgeni wako tarehe 17 kwamba "serikali imekanusha, ni uzushi wa vyombo vya nje". Tarehe 21 unamwandikia nini? Aliyeandika "leo tarehe 17 wizara inasema hivi, WHO inasema vile, eneo linalotajwa liko zaidi ya kilomita 600 kutoka Moshi kwa mstari ulionyooka" hakuwa na cha kufuta. Aliongeza mstari mmoja tu.

Kwa hiyo kila unachomwandikia mgeni kiwe na tarehe na jina la aliyesema.

Hatua ya pili: hesabu nani ametajwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye ufunguo.

Chombo cha habari cha nchi yoyote kinahesabu watu wake kwanza. Mwaka 1965 watafiti wawili, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, waliyapitia magazeti ya Norway kuona yalivyoripoti misukosuko ya Kongo, Kuba na Saiprasi, wakaeleza ni mambo gani yanayolifanya tukio la mbali liwe habari. Ukaribu ni mojawapo, na haukuwa ukaribu wa kilomita tu, bali wa damu, lugha na biashara. Miaka sitini imepita na sijaona gazeti lililopona.

Agosti 7, 1998, mabomu yalilipuliwa katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, kati yao Wamarekani 12. Dar es Salaam walikufa 11, hakuna Mmarekani hata mmoja. Muulize mgeni wa makamo kutoka Marekani anakumbuka nini. Atakwambia Nairobi. Sisi tunakumbuka yote mawili kwa sababu waliokufa Dar ni wetu.

Au Mei 6, 2017, basi dogo la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Habari ile ilisafiri mbali na kudumu muda mrefu kuliko ajali nyingi za barabara zetu, na sababu mojawapo ni kwamba watoto watatu waliopona walipelekwa kutibiwa Sioux City, Marekani. Kulikuwa na Mmarekani wa kuhojiwa na hospitali ya Marekani ya kupiga picha. Februari 2024 lori lilipogonga magari Ngaramtoni na kuua watu 25, baadhi ya vyombo vya nje vilivyoiandika vilitanguliza raia wa kigeni waliokuwamo.

Nimewahi kuyasema haya kijiweni, mzee mmoja akanikata: "Kwa hiyo Mangi, wazungu hawatupendi?" Hapana, mzee wangu. Tunafanya hivyo hivyo. Oktoba 7, 2023 Hamas iliposhambulia Israel, watu wapatao 1,200 waliuawa. Sisi tulikuwa tukihesabu wawili: vijana wa Kitanzania waliokwenda kwa mafunzo ya kilimo, mmoja wa mkoa wetu. Siku hiyo hiyo waliuawa wanafunzi kumi wa Nepal, nao walikuwa kwenye mafunzo ya kilimo kama wetu. Mimi ninayesoma magazeti kila siku, sikumbuki kuwasoma popote kwa Kiswahili. Mama wa Kathmandu alikuwa akihesabu kumi, na wetu wawili hakuwaona.

Basi hatua ya pili ni hii. Tafuta kwenye habari idadi yote ya walioathirika, halafu idadi ya raia wa nchi ya chombo hicho. Kama aya tatu za mwanzo zinahusu mtalii mmoja na aya ya kumi inataja wenyeji kumi na wanane, unajua habari imepimwa kwa kipimo gani. Haimaanishi ni uongo. Inamaanisha ukubwa wake kwenye ukurasa hauwezi kukuambia ukubwa wa hatari kwa mgeni wako. Hiyo itabidi uipime mwenyewe.

Mzazi mwenye mtoto nje, habari zile za Oktoba 2023 zina funzo jingine kwako. Vijana wale waliripotiwa kwanza kuwa hawajulikani walipo, ikasemwa wametekwa, na habari za vifo zikathibitishwa wiki kadhaa baadaye, mmoja Novemba na mwingine Desemba. "Hajulikani alipo", "ametekwa" na "ameuawa" ni habari tatu tofauti, ingawa kwenye magrupu ya WhatsApp zote zinafika zimevaa kilio kimoja. Ukipokea mojawapo, uliza neno lililotumika ni lipi, na limetamkwa na nani: wizara ya mambo ya nje, ubalozi, mwajiri, au mtu tu.

Hatua ya tatu: tenganisha gazeti na ushauri wa serikali ya mgeni

Wenzangu wengi hulaumu gazeti kwa kughairiwa safari, kumbe aliyeua oda ni bima.

Serikali za Magharibi hutoa ushauri wa safari kwa raia wao. Marekani tangu 2018 ina ngazi nne: ya kwanza ni tahadhari ya kawaida, ya pili kuongeza tahadhari, ya tatu kufikiria upya safari, ya nne kutosafiri. Uingereza haitumii namba. Hutumia maneno, na mawili ndiyo mazito: usisafiri kabisa, au usisafiri isipokuwa kwa jambo la lazima. Waingereza wakiambiwa mojawapo kuhusu eneo fulani, bima nyingi za safari hazilipi kwa atakayekwenda huko. Hapo hata mgeni mwenye moyo wa simba atabaki nyumbani, na wakala wake hatakubali kumleta.

Kwa hiyo fungua ushauri wenyewe. Usiusome kwenye gazeti. Angalia ramani yake. Uingereza kwa miaka kadhaa imekuwa ikiwashauri raia wake wasiende bila jambo la lazima katika ukanda wa kilomita 20 kutoka mpaka wa Tanzania na Cabo Delgado, Msumbiji. Ukanda huo uko mkoani Mtwara, zaidi ya kilomita 800 kutoka Moshi. Gazeti likiandika tu kwamba "Uingereza yaonya kuhusu Tanzania", limesema kweli na limemtisha mtu anayekwenda Ngorongoro. Wewe mwonyeshe mstari ulipochorwa, halafu mwambie aiulize kampuni yake ya bima kwa maandishi: je, safari yangu ya Arusha na Kilimanjaro bado imekatiwa bima? Jibu la bima litamtuliza kuliko lako, kwa sababu wao hawapati kitu kwa kumdanganya.

Tahadhari moja. Ngazi ikipanda, usimfiche. Ataiona uwanjani kabla hajapanda ndege, na utakuwa umempoteza yeye na rafiki zake.

Hatua ya nne: picha

Hii ni fupi. Picha ikikutisha, uliza imepigwa lini na wapi. Moto wa Kilimanjaro ulioanza Oktoba 11, 2020 eneo la Whona, kati ya vituo vya wapandaji vya Mandara na Horombo, ulionekana usiku kutoka huku mjini kama mkufu wa dhahabu shingoni mwa mlima. Ulikuwa moto mkubwa kweli. Lakini picha iliyopigwa kwa lenzi ya kuvuta karibu ilifanya ionekane mlima wote unateketea pamoja na kilele. Mlima mwingine ukiungua, picha ile ile hufufuka. Itafute kwenye intaneti kwa kuipakia yenyewe, utaona mara ya kwanza ilitoka mwaka gani.

Hatua ya tano: mwambie hatari ambayo gazeti halikuandika

Mgeni anayeuliza kuhusu magaidi anashuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, anapanda bodaboda bila kofia ngumu kwenda kunywa bia. Nimemwona mara nyingi mno.

Duniani watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa mwaka kwenye ajali za barabarani, kwa hesabu ya WHO, na kwa Wamarekani wenye afya njema wanaosafiri nje, ajali za magari ndizo zinazotajwa na taasisi yao ya afya kuwa muuaji mkuu. Sioni vichwa vya habari kuhusu hilo. Ajali ya jana inafanana na ya juzi, na mhariri anataka kisichofanana.

Mlimani ni vivyo hivyo. Mtu anauliza kuhusu wanyama wakali, huku amenunua safari ya siku tano kwa sababu ni rahisi, akitaka kufika mita 5,895 mwili haujazoea hewa nyembamba. Mwambie wazi: hatari yako kubwa ni haraka. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, kupanda kunasimama. Akitembea kama mlevi au akipumua kwa shida hata akiwa amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na hakuna mjadala wa hela ya kilele.

Ukimpa mgeni orodha yako mwenyewe ya hatari, anaanza kukuamini kwenye zile nyingine. Ilinichukua miaka kulielewa hili. Nilidhani kutaja hatari ni kufukuza biashara.

Hatua ya sita: andika jibu

Sasa una karatasi yenye mambo yako. Jibu liwe fupi, kwa lugha ya mgeni, na lifuate mpangilio huu:

"Asante kwa kuniuliza mapema. Habari uliyonitumia inahusu wilaya fulani, tukio la tarehe fulani. Safari yako inapita KIA, Moshi na lango la Machame, na kutoka huko hadi hapa ni kilomita kadhaa. Leo, tarehe hii, mamlaka fulani inasema hivi. Ushauri wa serikali yako leo unasema hivi kuhusu eneo letu, tafadhali uthibitishe na bima yako. Hali ikibadilika nitakuandikia siku hiyo hiyo. Ukiamua kuahirisha, masharti ni haya. Kwa uzoefu wangu, mambo mawili ya kuyazingatia zaidi kwenye safari yako ni barabara na urefu wa mlima, na tunayashughulikia hivi."

Neno "salama" halimo. Nimelitoa makusudi. Mtu anayelala Moshi kila siku hawezi kumpimia mwingine usalama wake. Anaweza kumpa kilomita, tarehe na jina la msemaji. Wala usiandike "hakuna matata". Hilo liache kwenye fulana.

Usiandike pia kwamba vyombo vya Magharibi vinatuchafua. Kuna siku ambazo vyombo hivyo ndivyo vilivyobaki kusema. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, kulizuka maandamano na vurugu katika miji kadhaa, watu wakauawa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Nilikuwa na wageni wanne hotelini. Ndugu zao kule kwao waliona mengi kwenye televisheni kuliko sisi tuliokuwa hapa na simu zilizokufa mkononi. Mmoja aliniuliza kuna nini. Ulimi ukanituma niseme "ni mambo madogo ya uchaguzi". Nikaumeza. Nikamwambia ninachokijua ni kile ninachokiona kutoka getini, na kwamba leo hatutoki. Tukakaa tukacheza karata. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mwenye hoteli aliyemwambia mgeni wake atoke tu barabarani siku ile alikuwa anacheza na roho ya mtu.

Hatua ya saba: kama habari ni wewe

Ikitokea ajali na mgeni wako yumo, mwandishi atapiga simu kabla hujanywa maji. Mpangilio ni huu: okoa mtu, toa taarifa kwa polisi na mamlaka ya hifadhi, pigia simu ubalozi wake, ndipo ubalozi na ndugu wajulishane. Jina la mgeni halitoki kinywani mwako. Mwandishi mwelekeze kwa kamanda wa polisi wa mkoa, ndiye msemaji. Wakataze vijana wako kurusha picha kwenye grupu. Picha inafika kwa mama wa marehemu kabla ya ubalozi, nimeona, sitaki kuona tena.

Na kama aliyeumia ni mpagazi, hakuna mwandishi wa nje atakayekupigia. Hapo wewe mpigie wa kwetu. Sema jina la kijiji alikotoka, alikuwa amebeba nini, alikuwa amevaa nini. Ndugu wakikubali, sema na jina lake.

Hatua ya nane: mwandikie tena habari inapoisha

Mwanzo wa hatari ni habari, mwisho wake karibu si habari. Marburg ya Kagera ilitangazwa kwisha Machi 13, 2025. Tangazo la Januari lilinifikia kwa wageni kumi na mmoja, la Machi halikuletwa na mgeni hata mmoja. Magonjwa ya aina hii yana hesabu yake: siku 42 bila mgonjwa mpya, mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vinaweza kukaa mwilini kabla ya dalili. Ukisikia mgonjwa wa mwisho amezikwa au amepimwa hana virusi tena, chukua kalenda, hesabu 42, weka duara. Siku hiyo fungua daftari, watafute wote walioahirisha bila tarehe, na uwaandikie mistari mitatu: hatari imeisha lini, mwisho wake umetangazwa na nani, na nafasi zilizobaki Julai ni ngapi.

Yule mwalimu wa Madrid sikumwandikia. Sikujua kwamba ilikuwa kazi yangu.